Kilomita Kumi na Nne kwa Lita

Jumanne, 4 Machi

Niambie, Kimya, daftari langu — wewe peke yako hunikatizi nikiongelea magari. Leo nimeshinda chini ya gari la mikate la mjomba. Dizeli, kuukuu, linakohoa. Kanuni mpya: gesi ya bomba la moshi ikiwa chafu, hupati kibali cha kuingia mjini. Hakuna kibali, hakuna mikate, hakuna mjomba! Nimezibua valvu ya kurudisha moshi kwenye injini, nimepanga kompyuta ya gari upya. Safi! Mama angeanika nguo nyuma ya bomba.

Jumatano, 5 Machi

Mjomba karudi kanuna. Lita moja ilimpeleka kilomita kumi na nne, sasa kumi na moja. "Umelitengeneza au umelitia minyoo?"

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yamewiva. Ndivyo lilivyo! Ukiibana gesi chafu, injini inakula dizeli. Ukiibana dizeli, inatema gesi chafu. Nikamwambia: mjomba, chagua moja. Hataki. Kwa kumi na moja, eti, ni kutembeza mikate bure, bora auze gari. Anataka vyote viwili. Na chai.

Ijumaa, 7 Machi

WAZO! Mipangilio miwili ndani ya kompyuta moja. "Safi" ya kwenye ukaguzi, "Bahili" ya barabarani. Swichi ndogo chini ya dashibodi, kipande cha kapeti juu yake. Tak — malaika. Tak — mchoyo. Mjomba kanibusu kipaji cha uso, masharubu yote yananuka dizeli. Mimi ni jini!

Jumatatu, 10 Machi

Ukaguzi. Mkaguzi ni mama mmoja wa glovu za buluu. Kaingiza mrija kwenye bomba, mashine ikasoma gesi kidogo kuliko magari yote ya asubuhi. Nikakaza uso nisicheke. Kalamu imeshagusa kibali — mjomba akafungua domo.

"Na lita moja linanipeleka kilomita kumi na nne, mama!"

Nikamkanyaga mguu. Akadhani namshangilia. "Kazi ya mpwa wangu huyu! Hakufundishwa na mtu!"

Mama Glovu akanyanyua kalamu. Akauliza tena, kilomita ngapi? Mjomba akarudia, kwa sauti zaidi. Basi, kwa upole wa kutisha, akatuambia turudi kesho. Na kompyuta yangu, ile ninayopangia ya gari.

 Njiani mjomba alipiga mluzi.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa chooni, kituo cha ukaguzi. Mama Glovu kaniita pembeni. Eti miaka kumi na moja anapima dizeli, hajaona iliyo safi na bahili kwa pamoja. "Binti, nionyeshe ujanja wako mwenyewe, uufute hapahapa, mjomba wako aondoke na kibali na gari linalokula dizeli. Nikiugundua mimi, gari linalala hapa."

Nikasema nimebanwa na haja.

Nikisema, mjomba anauza gari. Nisiposema, linachukuliwa. Na ile swichi, loh, mbona niliipenda hivi!

Mjomba anagonga mlango. Ananong'ona, kituo kizima kinasikia: "Mwambie ni baraka! Mwambie tunaliombea!"

Nje mlango wa gari umefunguliwa. Mtu anavaa glovu — pwa! Pwa!

Kimya, ungekuwa wewe humu chooni, ungetoka ukasema nini?