Picha Ambazo Hazikufunguka

Baba,

Shikamoo. Najua haitajibiwa, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Hitima imepita, wageni wameondoka, na kile chumba chako cha kompyuta karibu na stesheni nimekifungua tena. Mashine yako kongwe bado inawaka. Lakini kivinjari chako, kile ulichokataa kukiacha hata baada ya watengenezaji kuutelekeza mfumo wa kompyuta ile, sasa hakifungui ukurasa wowote. Nimekijaribu wee mpaka machozi yakanitoka. Na jinsi kilivyokuwa kikinikera! Kilileta maneno tu. Penye picha kiliacha kisanduku kitupu. Nikilalamika, ulikuwa unajikuna kidevu na kuendelea na kazi.

Jumamosi alikuja Mama Kashindye kutoka Choma. Alitaka nimfungulie tena ile barua pepe ya mwanawe aliye ughaibuni, yenye picha uliyomsimulia: "Kashindye kanenepa, dada. Kavaa koti la buluu, anacheka." Siku ile nilikuwa nyuma yako. Nilikiona kisanduku, kitupu, nawe unakitazama kama mtu anayesoma gazeti.

Baba, nikaifungua barua ile. Kwenye simu yangu picha ilifunguka mara moja. Kijana amekonda, koti la kijivu linampwaya, wala hacheki. Niliogopa jina lako litachafuka, na wewe hupo kujitetea. Nilitaka kumwambia mtandao umekatika. Nikashindwa, nikampa simu.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua, mwanangu. Hata mimi nilikiona kile kisanduku. Baba yako alitaka tu nikifika Choma nilale."

Tukalia, yeye akimlilia mwanawe, mimi nikikulilia wewe. Alipojifuta uso aliniambia nimwandikie Kashindye, nimuulize huko anakula nini na nani anampikia. Nimeandika kama alivyotamka. Akaomba pia kwamba picha nyingine ikija, nimsimulie kwanza, ndipo nimwonyeshe.

Kivinjari chako nimekizima, ila mashine iko palepale mezani. Nimekukumbuka mno, Baba. Nyumba imekuwa kubwa.

Pumzika. Mama Kashindye nitamsimulia, na nakuahidi nitamwambia kile ninachokiona. Ila mtoto akiwa amekonda zaidi, nitaanza na koti.

Mwanao