Jina la Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Mei

Kumi na wawili tena. Simu ya makao makuu ya polisi imeingia saa mbili asubuhi, kabla sijanywa chai. Mkoa utoe askari kumi na wawili wengine waende mpakani, wawe kambini Jumamosi. Tangu vita vianze tumeshatoa sitini na tatu. Waliorudi ni wanne — wawili wanatembelea magongo.

Anayeandika majina ni mimi. Ofisa utumishi. Zamani kazi hii ilikuwa likizo, uhamisho na watu kugombea nyumba za kota. Sasa wakiniona koridoni wanageuza njia.

Trafiki wamebaki wawili kwa barabara zote za Msamvu. Wapelelezi wanashika lindo. Nimemwambia Kamanda watu wamekwisha. Akasema, Mama Doreen, watu wapo, tafuta vizuri.

Jumanne, 5 Mei

Majina kumi na moja. Nilianza na wasio na watoto, nikaja kwa wenye mtoto mmoja. Baadaye nikagundua nimemruka mmoja asiye na mtoto. Konstebo Allen, trafiki. Huyo ndiye wa kumi na mbili. Utaratibu nimeutunga mwenyewe.

Allen ni mume wa Doreen. Doreen ndiye mtoto wangu pekee, na ana mimba ya miezi minane.

Jioni amekuja nyumbani Kilakala, miguu imevimba. Sikuwa nimemwambia mtu, lakini askari hawakosi kujua. Hakulia. Alisema, Mama, wewe unajua wanaorudi ni wangapi. Basi. Akanywa uji wake, akaondoka.

Jumatano, 6 Mei

Nimelifuta jina la Allen.

Nimeandika Koplo Mikidadi. Yuko peke yake kituo cha Kidunzi, juu kabisa ya Matombo, mwaka wa tisa sasa. Watoto wanne. Huku mjini hana wa kumtetea. Kumwondoa yeye ni kufunga kituo, kwa hiyo ilibidi nitoe sababu. Nikafungua majalada ya Kidunzi. Mwaka mzima kesi tatu: mbuzi, mkungu wa ndizi, ugomvi wa mpaka wa shamba la karafuu. Nikaandika: "Kituo hakina matukio." Kamanda akasaini bila kusoma.

Hakina matukio kwa sababu Mikidadi yuko pale. Nilikuwa nalijua hilo kalamu ikiwa mkononi. Miaka ishirini na sita kazini, nitakosaje kulijua?

Ijumaa, 8 Mei

Mikidadi ameripoti. Ameshuka kwa bodaboda, matope mpaka magotini. Kapiga saluti. Hakuuliza kwa nini yeye. Afadhali angeuliza.

Alinieleza habari ya mwanamke mmoja wa kule, Mwaisha. Ameachana na mumewe, Hatibu, na Hatibu ameapa mbele za watu kwamba atamkata mapanga. Mikidadi alikuwa anamwita Hatibu kituoni kila asubuhi, anamfagilisha uwanja, ili tu ajue yuko wapi.

"Afande, yule bwana haogopi sheria, ananiogopa mimi. Yule mama asikae bila mtu."

Nikasema nitapeleka askari.

"Lini, afande?"

Jumatatu, nikasema. Akaiandika kwenye kidaftari chake: Jumatatu. Akashukuru.

Jumatatu, 11 Mei

Hakuna mtu. Nimepiga simu vituo sita. Mkuu mmoja wa kituo amecheka — si dharau, ni kuchoka. Nikaingia kwa Kamanda, nikaomba askari mmoja, wiki mbili tu. Akaniuliza kama si mimi niliyeandika kwamba Kidunzi hakina matukio. Ndipo nilipogundua kwamba alisoma.

Ningeweza kumpeleka Allen. Wazo hilo limekaa nami kutwa. Kidunzi si mpakani, akiitwa angerudi. Lakini mvua hii, barabara ile, na Doreen anaweza kushikwa na uchungu wakati wowote. Nimejiambia kesho.

Jumatano, 13 Mei

Sikumpeleka.

Jumamosi, 16 Mei

Mwaisha amekufa.

Ilikuwa juzi Alhamisi, mchana. Hatibu alimkuta shambani, akamkata bega. Akaponyoka, akakimbilia kituoni. Mtendaji wa kijiji anasema alijua kituo kimefungwa, kila mtu alijua. Alikimbilia hivyohivyo. Aligonga. Mlango una alama za viganja vyake, kuanzia usawa wa kitasa kushuka chini. Hatibu alimmalizia hapohapo barazani.

Wanakijiji wakamkamata, wakamfunga kamba, wakakaa naye mpaka jana jioni wakingoja gari letu. Siku nzima na zaidi, na hakuna aliyemtia hata kofi. Wazee walikataza. Walisema serikali itakuja.

Allen alikuwa kwenye gari lililopanda kumchukua. Leo asubuhi amepita ofisini kwangu, bado ana udongo wa kule kwenye buti. Kazini huwa ananiita afande.

"Mama, wa kumi na mbili nilikuwa mimi?"

Nikamwambia afunge mlango kwanza. Akaufunga — akiwa nje.

Jumatatu, 18 Mei

Makao makuu wamepiga. Safari hii kumi na watano.

Doreen hapokei simu yangu. Allen halali nyumbani kwao tangu juzi, yuko kota, naambiwa. Sijui nani kamwambia nani nini.

Kamanda ananituma Kidunzi kesho kutoa pole kwa niaba ya jeshi la polisi. Kaniandikia na maneno ya kusema: hali ya nchi, dharura, amri kutoka juu. Nimemwuliza nani huko juu. Akasema, we nenda tu.

Jumanne, 19 Mei. Kidunzi

Naandika ndani ya gari. Nyumba ya msiba iko hapo mbele, si zaidi ya hatua thelathini.

Mama yake Mwaisha anaitwa Bibi Mosi. Nilivua viatu, nikakaa mkekani pamoja na wanawake, nikampa shikamoo. Akanishika mkono, asiuachie. Kiswahili anakisikia kidogo, kwa hiyo jirani yake, Sabra, alikuwa anamgeuzia kwa Kiluguru. Nikasema maneno yote ya Kamanda. Sabra aliyamaliza kwa sentensi moja.

Bibi akashukuru. Alisema wengine hawajaja, mimi nimekuja, na njia yenyewe hii. Wakaniwekea sinia mbele, ndizi na chai ya tangawizi. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono wa kulia Bibi alipouliza kitu, polepole. Sabra akanigeuzia.

"Anasema, wewe ni mkubwa huko mjini. Utakuwa unamjua aliyemwondoa Mikidadi. Anasema hamtafuti kwa ubaya. Anataka kujua tu, Mikidadi alikosa nini?"

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Nikasema samahani, simu inaita. Nikatoka.

Sasa nusu saa. Dereva anatazama mbele. Simu iko mapajani. Kidunzi hakuna mtandao, hata kidogo — wakitaka kupiga simu wanashuka bondeni mwendo wa saa nzima. Na wote mle ndani wanajua.

Nimejaribu kupanga la kusema. Mikidadi hakukosa kitu. Mpaka hapo naweza. Linalofuata ndilo linalonishinda, maana likianza litafika kwa Doreen, na kwa mtoto ambaye hata hajazaliwa.

Sabra amekuja mpaka dirishani. Anasema nisiharakishe, nimalize simu yangu. Ila Bibi amewazuia watu wasile mpaka mgeni arudi.