Programu Isiyosahau

Mwanangu, Kasuku leo kayakoroga.

Si ndiye anayetuandikia kumbukumbu za vikao? Basi kaleta programu mpya ya kuziweka, kamwendea bosi kifua mbele: "Humu hakipotei kitu, mama. Hata ulichofuta kipo."

Bosi akasema, "Hebu nionyeshe."

Kasuku akabonyeza. Mwanangu, akabonyeza mwenyewe. Ukutani ikatokea kumbukumbu ya jana, kabla hajaisafisha: "Bosi kaongea saa nzima, hatujaambulia kitu."

"Programu nimeipenda," bosi kasema. "Wewe baki. Wengine nendeni."

Na mkataba wa Kasuku unaisha mwezi huu.

Namwona kupitia kioo. Bosi anarudi nyuma kwenye kumbukumbu, anasoma, anarudi tena.

Ya Ijumaa bado hajaifikia. Ile nilimtamkia mimi, neno kwa neno.