Kifaranga Chini ya Kikapu

Mpwa wangu Naigaga,

Chekechea yetu hapa Iganga ingekufa zamani kama si mimi na zeze langu. Nikililiza kama ndama, ng'ombe wa mtaa mzima huja kunyonyesha. Watoto hufumba macho, na wimbo ukinyamaza humtaja mnyama waliyemsikia.

Ulinililia kwenye simu, ukasema masikio ya mwanao Mutesi yameziba tangu augue surua. Basi jana mwalimu alificha kitu chini ya kikapu, mimi nisijue. Nilipoacha kupiga, Mutesi akanyoosha kidole.

"Kifaranga."

"Hakuna kitu hapo, wee mtoto."

Akapiga magoti kwa adabu, kama ulivyomfunza, kisha akanibishia. "Kipo, Babu. Kinamlilia mama yake."

Mwalimu akafunua kikapu. Kifaranga kikatimka, darasa zima likakikimbiza, na mwanao mbele kabisa, anacheka mpaka anajikwaa. Anasikia, mama. Futa machozi upike matoke.

Pale niliwaambia nilikuwa namjaribu tu. Kwako nasema kweli: kikapu kilikuwa miguuni pangu, na mimi sikusikia chochote.

Mjomba wako Mugoya,
Bingwa wa Zeze, Busoga Nzima