Watakaa Wawili Wawili

Arua, Machi 1977

Mpendwa Dada Halima,

Jumatatu Bwana Mkaguzi anarudi. Safari hii atanikuta peke yangu, na kadi za watoto sijazimaliza. Amesema wazi: kadi zisipokamilika, na watoto wasipokaa kwa umri, chumba chetu cha kulelea watoto kinafungwa. Nimezitandaza mkekani, upande wako, karibu na kawa la ukili uliloliacha nusu. Mama hataki liondolewe.

Unakumbuka zilipoletwa mara ya kwanza? Kila mtoto kadi yake, kila wiki: anashika penseli, anafunga kifungo, anahesabu hadi kumi. Ndiyo, hapana, bado. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo ilitushinda. Mama Asha alikujibu, "Alizaliwa wakati ya kuvuna simsim. Andika simsim." Ulicheka mpaka ukili ukakutoka mkononi. Sisi tulipima kwa mkono: mtoto akiupitisha juu ya kichwa akagusa sikio la upande wa pili, huyo ni wa shule kubwa. Kadi haikuwa na mahali pa sikio.

Na ulikuwa na desturi yako. Mtoto mpya akija, unampa mwenzake, mkubwa kwa mdogo. Wanakunywa uji pamoja, wanakwenda chooni pamoja. Hukuwahesabu, ulisema watoto si mbuzi. Ulisimama mlangoni na sufuria, ukaita, "Mwenzako iko wapi?"

"Iko hapa!"

"Wangu anakojoa!"

"Wangu iko nakula udongo!"

Siku ya ukaguzi tuliwapanga kama kadi zilivyotaka, wadogo ukutani, wakubwa dirishani. Rajabu, aliyekuwa mdogo, akatengwa na Asha, mwenzake mkubwa. Bwana Mkaguzi alisimama juu yetu. Wewe unasoma majina, mimi natia alama. Ndipo Asha akasema kutoka dirishani, bila kuulizwa na mtu:

"Mwenzangu hayuko."

Ulitoka bila kandambili. Nikakufuata, ukageuka: "Wewe baki na hawa!" Nikabaki mlangoni, nasikia malori ya jeshi kwenye barabara ya Koboko, na kila lilipopita moja nilisikiliza kama litafunga breki. Bwana Mkaguzi alifunika kalamu yake.

Ulirudi umembeba Rajabu mgongoni. Ulimkuta amekaa ukingoni mwa barabara, miguu kwenye vumbi la malori, anamngoja baba yake, dereva aliyeondoka kwenda Koboko asionekane tena. Kwenye kadi, mahali pa kazi ya baba, ulikuwa umeacha wazi.

"Kadi yake iko wapi?" Mkaguzi aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Kadi iko, bwana. Mtoto ndiye alikuwa hayuko."

Kisha, mbele yake, ukamrudisha Rajabu karibu na Asha. Ulimpa uji, nusu ukamwagika. Mkaguzi aliandika, akaondoka. Tulingoja barua ya kufungiwa mpaka mvua zikaisha. Haikuja. Ilikuja homa yako, na safari ile ya hospitali ya Kuluva, nikarudi peke yangu.

Dada, ninaogopa. Wanawake wanaouza sokoni hawana pengine pa kuacha watoto. Chumba kikifungwa, watoto watakuwa barabarani. Nikiwapanga kwa umri, nitapata muhuri wake. Kwa hiyo jana nilijaribu. Asha yuko shule kubwa sasa, na Rajabu ndiye mkubwa, mwenzake ni Zahara, wa juzi tu. Niliwatenga. Rajabu hakugusa uji. Alikuwa anageuza shingo, anautazama ukuta wa wadogo, asubuhi nzima.

Nikawarudisha.

Kadi nitazijaza kadiri nitakavyoweza, watoto wakilala mchana. Lakini watakaa wawili wawili, na Bwana Mkaguzi akifungua mlango atawakuta hivyo. Akiuliza ni amri ya nani, nitataja jina lako, halafu langu. Akifunga, afunge mimi nikiwa nimesimama hapo na sufuria.

Kila asubuhi ninawauliza swali lako, na wote wanaitika. Mimi nakoroga uji.

Gari lake husikika kabla halijafika kilimani. Jumatatu, ukilisikia huko uliko, unikumbuke.

Mdogo wako, na mwenzako,
Zainabu