1,022,117 Si Tasa

Jumatatu, 3 Machi
Nimefeli mtihani wa cheti cha ualimu! Alama 47, kufaulu ni 50. Miaka tisa nafundisha hesabu kwa mkataba, na bila cheti hiki mkataba unakufa Aprili. Nikaomba kuiona karatasi yangu. Swali la 11: je, 1,022,117 ni namba tasa? Nilijibu si tasa. Sifuri nyekundu! Alama nne zimekwenda na maji. Nina hasira hata chai haipiti.

Jumanne, 4 Machi
Nimerudia mara tatu. 1011 mara 1011 ni 1,022,121. Toa 4 — ndiyo namba yao! Na 4 ni 2 mara 2. Basi kwenye 1011 punguza 2, kisha ongeza 2: 1009 mara 1013. Tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hii imegawanyika mchana kweupe. Dada ananiambia niache ubishi, nirudie mtihani mwakani. Nirudie nini, na jibu ninalo?

Alhamisi, 6 Machi
Ofisi ya mitihani. Msahihishaji mkuu, miwani puani, nyingine utosini, akanifungulia mwongozo wa majibu. Wamegawanya kwa namba tasa zote hadi 997, kila moja ikaacha baki. Kwa nini mliishia hapo? Ati kipeuo cha pili cha milioni ni elfu, mbele ya hapo hakuna haja.
— Lakini hii si milioni, mzee wangu! Imezidi. Kipeuo chake kinakaribia 1011.
Ilibaki tasa moja tu ya kujaribu, 1009. Walijaribu 168 wakafunga duka! Akasema mwongozo umepitishwa na kamati. Rufaa nimeiandika palepale, karatasi juu ya goti.

Jumatano, 12 Machi
Mama Pacha kapiga simu, yule mwalimu aliyekaa mbele yangu kwenye mtihani. Naye alijibu si tasa, naye sifuri. Ana 48. Nikamwambia aandike rufaa leo leo. Anaogopa mkuu wake atamwona mkorofi. "Nenda wewe, mdogo wangu. Ukipita wewe, na mimi nimepita."

Ijumaa, 14 Machi
Niko kwenye benchi la korido, ofisi ya mitihani. Msahihishaji kaniita, mpole ghafla. Kikokotoo mezani bado kinaonyesha 1,022,117 — hata hakukifuta! Anasema kamati imenihurumia. Alama nne, cheti leo, mradi nisaini kwamba nimeondoa rufaa. Mwongozo utabaki ulivyo. Na Mama Pacha? Hayo hayanihusu, kasema. Kanipa dakika kumi.

Cheti nimekiona. Jina langu halina kosa hata herufi moja. Nakiri. Nakitaka! Lakini kunihurumia? Nimekosa nini?

Nimegeuza fomu yao. Nyuma ni tupu. Nimeandika 1009 × 1013, hatua zote, tarakimu kubwa za ubaoni. Chini yake: watahiniwa wawili wamenyimwa alama, mpaka sasa. Nimesaini hapo, si mbele.

Mlango huo unafunguka. Msahihishaji ananyoosha mkono apokee fomu —