Chuma cha Alfons na Irma

Brussels, Jumanne

Kaka Wannes,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mimi tangu asubuhi situlii. Katika mkahawa huu nimeshahama kiti mara tatu.

Tumekuja kutembea siku mbili tu. Jana tulikula konokono wa mchuzi tukiwa tumesimama barabarani, kisha mume wangu Firmin akajipaka chokoleti hadi kwenye ndevu. Nikamwambia, "Mzee mzima, jifute!"

Leo tukaenda soko la vitu vya kale. Unajua mambo ya pale: mtu akifa, nyumba yake inakombwa, na masanduku yanamwagwa chini kwenye mawe. Nikainamia sanduku moja, nikakuta chuma cha kuokea mikate myembamba ya Mwaka Mpya. Kimechorwa majina mawili, Alfons na Irma. Baba na Mama.

Muuzaji akacheka. "Chukua tu, mama. Mwenyewe ameshakufa, hatakudai."

"Nani kakwambia amekufa?"

"Mwanawe. Si ndiye aliyetuita tuikombe nyumba?"

Nikakikumbatia kile chuma, nikaondoka.

Kaka, uliniambia kila Jumamosi unaenda kufungua madirisha ya nyumba ya Mama ipate hewa. Mimi kila Jumapili namwona Mama kule kwenye makao ya wazee, naye haachi kuniuliza kama nyumba imefungwa vizuri, maana joto likianza anarudi kwake.

Jumapili hii ni zamu yako. Chuma nitakuletea mwenyewe. Umwekee mapajani, halafu umjibu.

Mdogo wako,
Godelieve